Mikono ya Bibi Kwenye Picha ya Mama

Alhamisi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Bibi aliichukua simu yangu mezani akidhani ni yake, akaiona picha.

Mimi nilikuwa uani namenya viazi. Sikumwona akiichukua, nilisikia tu amenyamaza, na Bibi yangu hanyamazi. Akitafuta miwani anaongea na miwani, akitafuta kiberiti anakigombeza kiberiti. Alipokaa kimya nilijua.

Picha yenyewe ilikuwa hivi: mama amekaa kwenye kile kiti chetu cha bluu, amempakata mdogo wangu Sekela akiwa kichanga, amefungwa blanketi la njano. Ni picha nzuri. Tatizo lake ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuipiga. Mama alifariki hospitali siku ile ile aliyojifungua Sekela, kabla hajamshika. Niliitengeneza mimi kwenye simu, nikijifunika shuka ili nisionekane. Nilichukua picha ya Bibi aliyempakata Sekela kwenye kiti hicho, nikamfuta Bibi uso, shingo na mabega, nikamweka mama niliyemtoa kwenye picha ya ukutani sebuleni. Mikono ya Bibi niliiacha, kwa sababu mikono ni migumu kuitengeneza.

Niseme ukweli kwa nini nilifanya hivyo, humu ninamoandika hakuna wa kunicheka. Sekela yuko darasa la saba na kesho yake ilikuwa mahafali yao. Siku moja alirudi shuleni macho mekundu. Kuna msichana waligombana kwenye bomba la maji akamwambia, "Wewe mama yako alikuona tu akakimbia." Jioni Sekela akaniuliza, "Dada Tuse, mama aliwahi kunishika?" Mimi nikiulizwa swali ghafla huwa naropoka chochote ili niachwe. Nikamwambia alikushika sana, hata picha ipo. Akaniuliza iko wapi. Nikamwambia utaiona siku ya mahafali. Tangu hapo akawa ananihesabia siku, na kule shuleni akamwambia yule mwenzake kwamba ataileta.

"Tusekile." Bibi akiniita jina zima si heri. "Nawa mikono, njoo."

Nikanawa. Alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi.

"Hii picha kapiga nani?"

"Hakuna mtu, Bibi."

"Na mimi umeniweka wapi?"

Akaigeuza simu nione, akaweka kidole kwenye mikono iliyoshika blanketi. Kucha za Bibi ni nene na zina rangi ya chai ya rangi, ziliungua zamani kwa dawa za kusafishia picha na hazijarudi mpaka leo. Kwenye picha zilikuwa zile zile, chini ya uso wa mama.

"Mwanangu Rehema hakuwa na kucha kama hizi," akasema. Rehema ndiye mama yetu, naye ndiye mtoto pekee wa Bibi. "Zima moto, njoo tukae stoo. Sekela akirudi kwenye mazoezi ya kwaya asitukute tunaongea haya."

Stoo yetu zamani ilikuwa chumba cha giza, Bibi alikuwa anasafishia picha humo. Dawa zilipoacha kupatikana hapa Mbalizi tukaanza kuweka viazi, kwa sababu gizani havigeuki kijani. Madirisha bado yamezibwa na bati na ile taa nyekundu ipo, imefungwa utando wa buibui. Bibi akakaa juu ya gunia, mimi nikakaa kwenye ndoo. Nayaandika aliyosema kama alivyoyasema. Nimeruka tu pale aliponyanyuka kufukuza mbuzi wa jirani.

*

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mimi naikumbuka kwa harufu. Harufu ya dawa za picha na kuku aliyelowa. Wewe sikiliza tu, kuku atakuja kwa wakati wake.

Nilikuwa msichana wa umri kama wako, niko Iringa mjini, najifunza kazi kwa Fundi Sadru. Sadru alikuwa Mhindi, lakini alizaliwa Iringa, babake alizaliwa Iringa, na Kihehe alikisema vizuri kuliko mimi niliyetoka huku kwa Wanyakyusa. Alikuwa na studio nyembamba, kiti kimoja cha wateja, pazia lililochorwa maua. Nyuma kulikuwa na chumba kama hiki. Baba yangu hakutaka nifanye kazi hiyo, alisema msichana kukaa gizani na mwanamume ni aibu. Sadru akamwambia mlango utakuwa na pazia, si kitasa, na mke wake atakuwa anashona hapo nje mchana kutwa. Ndivyo ilivyokuwa. Yule mama alinifundisha pia kushona, lakini hilo halina msaada kwenye habari hii.

Sasa, Sadru alisifika kwa kitu kimoja, kuunganisha. Watu walikuja kutoka Mufindi, kutoka Kilolo, wengine kutoka huku Mbeya. Mtu ana picha ya familia na kuna mmoja hayupo. Labda amekwenda kusoma, labda amefariki, anataka awepo. Siku hizi wewe unafanya kwa kidole. Sisi tulikuwa na mashine mbili za kukuzia picha, ziko pamoja juu ya meza. Ya kwanza inamulika familia kwenye karatasi, na pale anapotakiwa kusimama yule asiyekuwepo unapakinga kwa kipande cha karatasi nyeusi. Halafu unaihamishia ile karatasi kwenye mashine ya pili, nayo inamulika mtu mmoja tu, mengine yote umeyakinga. Mkono haukai mahali pamoja. Unauchezesha hewani polepole, kama mtu anayefukuza nzi bila kutaka kumuumiza. Ukiukaza, ukingo unaonekana kama umekatwa kwa mkasi. Ukiuchezesha vizuri, picha moja inayeyukia kwenye nyingine na hakuna anayejua. Karatasi bado nyeupe hapo, hujaona kitu. Unaitia kwenye beseni la dawa, unalitikisa, na watu wanaanza kutokea mmoja mmoja chini ya taa nyekundu. Aliyekufa anatokea pamoja na walio hai, sawasawa, hakuna anayetangulia.

Mimi nilikuwa napenda sana hapo. Nilikuwa napiga makofi. Sadru ananiambia, "Lusia, utamwaga dawa."

Akaja mama mmoja kutoka Kilolo, mjane kijana. Mumewe alikwenda machimboni kutafuta maisha, akamwacha mjamzito, kifusi kikamwangukia huko huko, wakamzika huko huko. Mtoto akazaliwa hajamwona babake. Amefika umri wa kuuliza, anauliza. Mama akaleta picha ya mume akiwa na rafiki yake, amemwekea rafiki mkono begani. Akasema, Fundi, mtoe huyo rafiki, muweke mwanangu, mkono ukae kwenye bega la mwanangu.

Sadru akafanya. Niamini mimi, mwanangu, tangu nizaliwe sijaona picha iliyounganishwa vile. Mkono ulikaa kwenye bega la mtoto mpaka ukaona shati limebonyea. Yule mama alilia hapo kwenye kiti cha wateja, akacheka, akalia tena. Tukamtengenezea nakala mbili. Moja yake, nyingine akaituma Idodi kwa mama mkwe wake, ikapelekwa na lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi.

Hapo ndipo kuku wetu anapokuja.

Zilipita wiki kadhaa. Asubuhi moja mvua inanyesha, akaingia bibi mmoja amelowa mpaka mifupa, ana kuku kwapani, na kifurushi kimefungwa vizuri kwenye nailoni. Yeye amekubali kulowa lakini kifurushi kikavu. Akasalimu kwa Kihehe, "Kamwene."

Tukaitikia. Sadru akamwambia, "Karibu kiti, mama."

"Sikai. Mwanangu amepita hapa, nimekuja kumchukua."

Sadru akauliza mwanao nani. Bibi akatoa picha kifuani, akaiweka mezani. Ilikuwa picha yetu.

"Huyu hapa. Waliniambia amekufa. Nikauliza kaburi liko wapi, wakasema mbali. Nikauliza nani kamzika, wakasema wenzake. Mimi matanga sikuyamaliza, nikasema nitayamaliza nikiona kaburi. Sasa tazama. Huyu mtoto hakuwa amezaliwa alipoondoka, na hapa amemshika bega. Waongo wakubwa! Kama ana deni la watu anajificha, mwambie atoke, mama hana ugomvi. Nimemletea mgolole mpya."

Kifurushi kilikuwa ndio huo mgolole, shuka nyeusi wanayojitanda Wahehe. Kuku alikuwa wa kumpokelea.

Mwanangu, mimi nilitaka ardhi inimeze, na wala picha sikuifanya mimi. Mke wa Sadru aliacha cherehani katikati ya mshono. Nilimwangalia Sadru nikidhani atasema maneno mazuri ya kumpoza. Alisema tu, "Mama, njoo ndani nikuonyeshe."

Akamwingiza chumba cha giza na kuku wake, mimi nikafuata. Akawasha ile taa nyekundu, akaweka negativu mbili, zile filamu za picha, juu ya kioo chenye mwanga chini yake, akamweleza kama ninavyokueleza wewe. Huyu alikuwa huku. Huyu alikuwa huku. Mimi nimewaleta pamoja kwa mkono wangu. Bibi akainama, akatazama moja, akatazama nyingine, muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kwa hiyo hili bega hakulishika."

"Hakulishika, mama."

"Alishika bega la nani?"

"La rafiki yake."

Bibi akalegeza mkono, kuku akaruka. Akapita juu ya meza, akakanyaga beseni la dawa, akapiga mabawa tukalowa wote watatu. Siku nyingine tungecheka mpaka tukae chini. Mimi nikaanza kumkimbiza kuku kwa sababu nilitaka kuwa na kitu cha kufanya. Bibi hakumtazama. Alimwambia Sadru, kwa Kihehe, mimi nilikuja kuelezwa baadaye: "Baba, mkono wako ni hodari. Lakini mwanangu alikuwa amekufa mara moja, na mara hiyo sikuwepo. Leo amekufa mara ya pili, na leo nilikuwepo."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.

Mke wa Sadru alimpa nguo kavu na uji. Bibi alilala kwa Sadru siku ile, kwa sababu mvua haikuacha. Jioni Sadru akamwuliza, kama mtu anayeomba si kama anayeuza, "Mama, ukimwona mwanao, unamwonaje?" Bibi akasema huwa anamwota. Anamwota mkubwa, amekaa nyuma ya nyumba yao Idodi, mkubwa kama kilima, magoti yamepita paa. Anamwambia ingia ndani, yeye anatabasamu tu, haingii.

Kesho yake Sadru akapakia kamera kwenye gari, akamrudisha bibi kwao. Akapiga picha nyumba ile na ua na mbuzi waliokuwepo. Aliporudi tukafunga studio mchana. Safari hii hakuuchezesha mkono ili kuficha ukingo. Alimkuza yule kijana mpaka akawa kilima, akampandisha nyuma ya nyumba, kifua kinaanzia kwenye paa, kichwa kiko mawinguni na mawingu yanapita kwenye paji la uso. Miguu hakuiweka. Mbuzi wanakula majani chini yake hawana habari. Mimi nilikuwa natikisa beseni, na ilipotokea nikasema, "Fundi, hii si kweli." Akasema, "Ndiyo. Na kila mtu ataona kwamba si kweli. Hakuna mama atakayefunga safari kwa picha hii."

Tulimpelekea. Aliitazama akasema, "Huyu ndiye. Huyu ameondoka." Akauliza, "Miguu yake?" Sadru akasema, "Haikanyagi tena, mama." Akaitikia kwa kichwa. Wiki ile ile akawaita ndugu, wakamaliza matanga, na mgolole ule mpya akamvika yule mjukuu kutoka Kilolo.

Kuku hakurudishwa. Alibaki studio anataga nyuma ya pazia la maua.

Basi, hapo ndipo Sadru alipoanza zile picha zake. Aliacha kabisa kusimamisha wafu kwenye ardhi moja na walio hai. Alipiga picha buli la chai, kwenye mdomo wake unatoka Mto Ruaha. Alipiga basi lililoota mizizi, abiria wake wanachungulia dirishani kama matunda. Mzee mmoja wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake alisema anakumbuka kwao, Sadru akamtengenezea picha ya kofia yake ya pama, ndani ya kofia kuna nyumba yao ya kule kaskazini na ng'ombe wanaingia zizini. Yule mzee alikuwa anaibeba kwenye mfuko wa koti anawaonyesha watu mnadani.

Watu wakapenda, na watu wakipenda wengine wanaiga. Si muda mrefu studio zote kutoka Iringa mpaka huku Mbeya wanamweka bwana harusi na bibi harusi ndani ya glasi. Wengine ndani ya ua la waridi. Mtu mmoja hapa Mbalizi alimweka mchungaji wetu ndani ya chungwa, mchungaji akakasirika, akataka lifutwe chungwa abaki yeye. Mimi mwenyewe nilipoolewa huku nikafungua studio yangu, nikala kwa kuwatia watu kwenye glasi, nikamsomesha mama yako. Sioni haya. Hakuna mtu aliyetazama akadhani waliingia kweli kwenye glasi.

Sasa tuje kwako, mwanangu.

Jioni hii nimeishika simu yako nikamwona Rehema amempakata mtoto. Rehema nilimwosha mimi. Nilimvika mimi, nikamfunga kitambaa mimi. Na bado, mwanangu, kwa kitambo kidogo pale mlangoni, nilisema moyoni, kumbe alimshika. Nikafurahi. Nilifurahi kabisa. Halafu nikaona kucha zangu. Unajua nilichokumbuka? Nilimkumbuka bibi wa Idodi akilegeza mkono, kuku akaruka. Umri wote huu nilidhani namwelewa yule mama. Nimemwelewa leo.

Picha yako haina kasoro, na ndiyo maana naiogopa. Sekela ataipokea, ataiweka kifuani. Atamwonyesha yule wa bomba la maji. Atakua nayo. Siku moja atahesabu tarehe, au shangazi mmoja ataropoka msibani, au ataangalia tu mikono kama nilivyoangalia. Siku hiyo mama yake atakufa tena mbele yake, na safari hii atakuwa na akili ya kuelewa. Na wewe hatakuamini tena, hata ukimwambia leo ni Jumatatu.

Kwa hiyo nakuusia, na uwaambie na wenzako wenye simu. Ukimpenda mtu aliyeondoka, mtengeneze utakavyo, mkubwa, mdogo, mawinguni, kwenye buli, hakuna atakayekuuliza. Ila usimsimamishe mahali ambapo hakusimama halafu ukamwambia mtoto ndivyo ilivyokuwa. Na anayekuuliza swali gumu, mjibu kwanza kwa mdomo. Wewe una aibu, najua, ulizaliwa nayo, hata kunyonya ulikuwa unafumba macho. Lakini aibu isikufanye umpe mtu picha badala ya jibu.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe mkono mwepesi kama wa Sadru, na akupe macho ya kuona mikono ya watu kabla hujaifuta. Uzee wangu usikukute unaficha kitu. Haya, inuka, umekalia ndoo ya maji ya kunywa.

*

Nilidhani ataniambia niifute picha na yaishe. Badala yake alikwenda sebuleni akaitoa ukutani ile picha ya mama. Sisi tumeizoea tangu utotoni, mama anacheka, mikono iko juu anaanika kanga kwenye kamba, picha inaishia kifuani. Bibi akafungua fremu kwa kisu cha viazi. Kumbe picha ilikuwa ndefu na ilikunjwa. Akaikunjua. Chini ya kifua kulikuwa na tumbo kubwa, la miezi ya mwisho, kanga inapulizwa na upepo karibu yake.

"Niliikunja mimi baada ya mazishi," akasema. "Sikuweza kulitazama tumbo lile kila asubuhi. Na mimi ni nani wa kukusema wewe? Piga hiyo kwa simu yako, tuanze."

Tukakaa mezani. Mimi natumia kidole, Bibi anapunga mkono juu ya simu kama anakinga mwanga, nikamwambia haisaidii, akasema inamsaidia yeye. Tukamfanya mama mkubwa, nyuma ya nyumba yetu, kichwa kiko juu ya Mlima Loleza, kamba ya nguo imetoka upande mmoja wa Mbalizi mpaka upande mwingine. Tumbo lake liko juu ya paa letu. Na kwenye ile kanga, katikati kabisa, nikatokeza mikono ya Bibi na kucha zake za rangi ya chai, imeshika blanketi la njano na Sekela ndani yake. Mikono inatoka kwenye kanga ya mama kama inatoka dirishani. Ukingo sikuuficha. Sekela aliporudi kutoka kwaya tulikuwa tumemaliza, tunakula.

Asubuhi, Ijumaa, nilikwenda steshenari kabla hawajafagia. Kaka wa pale aliitazama kwenye kompyuta akakunja uso.

"Sista, hii imekorogeka. Mikono inatoka kwenye kanga? Acha nikufutie chap."

"Usifute."

"Mama mwenyewe ameshinda mlima. Watu watacheka huko kwenye mahafali."

Nyuma yangu walikuwa wameshajipanga watu, na mmoja alicheka kweli. Masikio yakawaka moto. Siku zote hapo ndipo huwa nasema sawa, futa. Nikasema, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe, "Ndivyo ninavyoitaka. Itoe hivyo hivyo, na fremu kubwa, sitaki kuikunja."

Nilipofika nyumbani Sekela alikuwa ameshavaa sare mpya, Bibi anamfunga viatu, shada la mahafali liko mezani na pipi zake. Sikumpa picha kwanza. Nilikaa chini mbele yake nikamwambia, "Sekela, nilikudanganya. Mama hakukushika. Alifariki kabla. Hakukukimbia, alifariki. Bibi ndiye aliyekupokea."

Sekela akavuta mguu. Bibi akabaki na kiatu cha pili mkononi. Ndipo nikampa.

Aliitazama sana. Akaweka kidole kwenye kucha, akageuka kutazama za Bibi zilizoshika kiatu chake. Akapandisha kidole mpaka kwenye tumbo.

"Humu ndani ni nani?"

"Ni wewe."

"Na huyu wa blanketi?"

"Ni wewe pia."

Akavuta makamasi, akajifuta kwa mkono wa sare mpya, Bibi hata hakumgombeza. "Kwa hiyo mimi nimo mara mbili," akasema. "Na wewe dada hata mara moja haumo."

"Mimi ndiye niliyetengeneza."

"Haumo," akasema tena, akaikumbatia fremu akatoka nayo mlangoni. Bibi akamfuata na kiatu cha pili mkononi, mimi nikachukua shada.